Mrefu Anaimba, Mfupi Ananyamaza: Maswali Yenu Kuhusu Video Moja ya Mwaka 1986

Toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuulize chochote kuhusu video za muziki za kuchekesha ambazo hazijachuja. Barua nyingi zimetua kwenye wimbo mmoja, "You Can Call Me Al" wa Mmarekani Paul Simon, nasi tumeupa nafasi kubwa.

Wanangu wa miaka 9 na 12 wameicheka video ya "You Can Call Me Al" jinsi nilivyoicheka mimi nikiwa kijana. Maneno ya wimbo hawayaelewi, na wale watu wawili hawawajui. Kinachochekesha ni nini hasa? — Mzazi, Buruburu

Kwa ambao hawajaiona: wanaume wawili wanaingia katika chumba kidogo kisicho na pambo, wanaketi. Wimbo ni wa Simon, lakini sauti yake inatoka kinywani mwa mchekeshaji Chevy Chase aliyeketi kando yake. Mwenye wimbo anabaki kama mgeni aliyenyang'anywa sahani. Anadakiza kiitikio hapa na pale, anaigiza kupiga ala hii na ile, huku jirani yake akijinafasi na mashairi yote.

Wanao wameanza kucheka kabla ya neno la kwanza, kwa sababu ya vimo. Chase ana takriban sentimita 193 na Simon takriban 160, yaani zaidi ya futi moja kati yao, na jicho linaiona tofauti hiyo papo hapo. Halafu mzaha wenyewe unatajwa mara moja tu, pale mwanzoni, na baada ya hapo hakuna anayeufafanua. Chase anaamini kabisa kwamba wimbo ni wake. Simon naye hagombi, hashangai. Amechoshwa tu. Angegomba, tungeanza kungoja ugomvi uishe, na ungeishia dakika ya pili. Kuchoshwa hakuna mwisho, ndiyo maana video inafika tamati na bado tunamtazama usoni.

Waliokulia mbele ya televisheni ya taifa wanaijua mbinu hii. "Vioja Mahakamani" iliendeshwa na hakimu aliyeshika sheria kwa dhati huku mshtakiwa akivuruga kila kitu. Hakimu angecheka hata mara moja, kioja kingekufa hapo hapo.

Jambo la mwisho ni chumba. Hamna gari, hamna moshi wa jukwaani, hamna hila za kompyuta za mwaka 1986. Vitu hivyo ndivyo huzeesha video, na hapa havipo. Kamera nayo inakaa mbele yao karibu muda wote bila kuhangaika, mtazamaji anachagua mwenyewe amwangalie nani. Mtoto humwangalia anayepayuka. Mtu mzima, akirudia, humwangalia yule kimya.

Tena hii haikuwa video ya kwanza ya wimbo huo. Ya kwanza ilitokana na onyesho alilolifanya Simon katika "Saturday Night Live", kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, likionekana kupitia kioo cha kufuatilizia picha studioni. Hakuipenda. Wazo la hii tunayoijua lilichangiwa na Lorne Michaels, mtayarishaji wa kipindi hicho, na mwongozaji akawa Gary Weis. Chase mwenyewe alikuwa miongoni mwa waigizaji wa kwanza wa kipindi kilipoanza mwaka 1975. Kwa hiyo ni kazi ya watu waliozoeana na wanaojua kubana kichekesho, na inaonekana.

Mimi na binamu yangu tunataka kuigiza video ya namna hiyo, ionyeshwe kwenye sherehe ya kumuaga dada yetu kabla ya harusi. Tuna simu moja, stendi, na chumba cha futi 10 kwa 12 hapa Roysambu. Tuanzie wapi? — Binamu Wawili

Anzeni na nafasi, kwa kuwa chumba chenu ni kidogo kwa kazi hii kuliko mnavyodhani. Yule mrefu atasimama na kucheza, kwa hiyo fremu lazima iwe na kimo cha mita 2.2 hivi. Kwa lenzi ya kawaida ya simu, picha ikilazwa, hiyo inadai kamera iwe mita 3 hadi 3.5 kutoka kwa waigizaji. Chumba chenu kina mita 3.6 upande mrefu. Toeni sentimita 80 za viti na pengo la ukutani, mnabaki na mita 2.8. Dawa yake ni kufungua mlango na kuweka stendi nje, kwenye kibaraza. Panga viti vitazame mlangoni tangu mwanzo. Msikimbilie lenzi pana, ile ya 0.5, kwa sababu inapinda kuta na kumvuta aliye pembeni mpaka kimo chake kinakosa maana, na kimo ndicho kichekesho chenu.

Stendi iwekeni usawa wa macho ya mtu aliyeketi, takriban sentimita 115 hadi 120 kutoka sakafuni. Ikiwa juu zaidi, mfupi anaonekana mtoto; ikiwa chini sana, mrefu anaonekana jitu na tunaacha kumwamini.

Viti viwe vya aina moja. Watu wakiketi, sehemu kubwa ya tofauti ya urefu hupotea, maana imo miguuni. Ikipotea kupita kiasi, mpe mrefu mto mgumu wa sentimita 7 au 8 aukalie. Msizidishe, mto ukionekana mchezo umeisha.

Ukuta wa nyuma uwe mtupu. Ondoeni kalenda, saa, waya wa televisheni, kila kitu. Kama rangi imebanduka, tandikeni shuka la rangi moja iliyopauka, mlivute pembe zote nne na kulibana lisikunjane. Mikunjo huvuta jicho kuliko mnavyofikiri.

Mwanga wa dirisha unatosha, mradi uwatoke mbele au ubavuni. Ukiwa mgongoni mwao mtapata vivuli viwili vinavyoimba. Jua likiingia moja kwa moja, tundikeni shuka jeupe dirishani. Nairobi mawingu hupita na kuachia, na simu hubadilisha mwanga kila yanapofanya hivyo. Bonyezeni usoni mwa mwigizaji na kushikilia kidole mpaka simu ionyeshe kwamba mwanga na fokasi vimefungwa. Kama programu ya kamera inaruhusu, fungeni na rangi pia, la sivyo mtu mwenye shati jeupe akisimama ukuta mzima unageuka kutoka manjano kuwa samawati.

Mkitumia taa, kumbukeni umeme wetu ni wa 50 Hz. Balbu nyingi za bei rahisi humetameta mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona, na mistari ya giza hupanda na kushuka kwenye picha. Piga kwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kwa hesabu hiyo kila fremu hupata mizunguko miwili kamili ya mwanga na mistari hupotea. Simu nyingi huja zimewekwa fremu 30. Programu za bure kama Open Camera au Blackmagic Camera zitakuwezesha kubadilisha.

Sasa waigizaji. Anayeimba pleibaki aimbe kweli, kwa sauti yake, hata kama ni mbovu, haitasikika. Anayechezesha midomo tu hujulikana shingoni: misuli haikazi, kifua hakipandi, na pumzi zinakuja mahali pabaya. Ajifunze pumzi za Simon pamoja na maneno. YouTube ina kasi ya 0.75, afanyie mazoezi hapo hadi azoee, kisha arudi kasi ya kawaida. Vitendo vya mikono vije kidogo kabla ya neno lenyewe, kamwe si baada yake. Kikichelewa kinaonekana kama maelezo.

Kwa anayenyamaza, muwe wakali zaidi. Asitazame kamera. Asikunje uso kuonyesha hasira. Apewe kazi ndogo za kweli: kutoka na kurudi na ngoma, kurekebisha kamba ya gitaa, kungoja zamu yake ya kiitikio na kuipata kwa usahihi. Kazi humzuia mtu kuigiza "kuchoshwa", na hapo ndipo uchovu unapoaminika.

Pigeni wimbo mzima bila kukata, mara tatu au nne. Toleo la albamu lina dakika 4 na sekunde 39, na uchovu halisi wa dakika ya nne hauwezi kupatikana kwa vipande. Baada ya hapo sogezeni kamera mpige mara moja uso wa kila mmoja, iwe akiba ya kufunika penye kosa. Ala si lazima zilie. Tarumbeta iliyokufa ya kuazima kanisani inafaa, ila zana za plastiki za watoto ziacheni, zinatangaza mzaha kabla haujafika.

Tumepiga video lakini midomo na sauti vinapishana. Fundi mmoja anasema ni simu mbaya, mwingine anasema ni spika ya Bluetooth. Yupi mkweli? — Kikundi cha vijana, Umoja

Angalieni kwanza mwachano wenyewe ukoje. Je, ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, au unakua?

Kama ni ule ule, mmelinganisha vibaya tu. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 250. Kwa fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40, kwa hiyo mnaweza kuwa nje kwa fremu mbili hadi sita. Hilo halina madhara kama kamera ilisikia spika ile ile waliyoisikia waigizaji, kwa sababu mtalinganisha wimbo safi na sauti iliyonaswa na kamera, kisha mnainyamazisha ile ya kamera. Madhara huja mkilinganisha kwa kukadiria. Njia ya uhakika: tengenezeni faili ya wimbo yenye milio minne mikavu ya kuhesabia kabla ya muziki. Milio hiyo itasikika kwenye sauti ya kamera kama vilele vyembamba, nanyi mnaviweka juu ya vilele vya faili safi. Spika ya waya bado ni bora, kwani baadhi ya spika za Bluetooth hubadilisha ucheleweshaji katikati ya wimbo.

Kama mwachano unakua, mwanzo sawa na dakika ya tatu mbali, tatizo ni simu. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, idadi hucheza, na programu ya uhariri inakosea hesabu. Pitisheni faili kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta, mchague fremu 25 za kudumu, ndipo mhariri. Na msitumiane faili ghafi kwa WhatsApp kama video ya kawaida. Itumeni kama waraka, au kwa waya, la sivyo inabanwa na kupoteza ubora kabla kazi haijaanza.

Napiga besi katika bendi ya kanisa. Kile kipande cha besi cha peke yake kinanishinda nusu ya pili. Vidole vyangu vina kasi ya kutosha. Nakosea wapi? — Mpiga besi, Kayole

Hukosei. Nusu ya pili haikupigwa na vidole vya mtu. Bakithi Kumalo wa Soweto alipiga nusu ya kwanza kwenye besi isiyo na freti, vile vyuma vya kugawa noti shingoni mwa gitaa, na fundi mitambo Roy Halee akaigeuza kanda ili nusu hiyo irudi kinyumenyume. Kipande chote kinasomeka sawa kutoka upande wowote. Noti ya kawaida ya besi huanza kwa pigo na kufifia. Iliyogeuzwa huanza kwa kufura na kukatika ghafla, na hilo ndilo sikio lako linashindwa kuvifikishia vidole.

Mbele ya watu, piga noti zile zile kwa mpangilio uliogeuzwa na uzikate fupi kwa kiganja cha mkono wa kulia. Itakaribia vya kutosha.

Kwa kurekodi, fanya kama walivyofanya wao. Wimbo unakwenda takriban mapigo 128 kwa dakika, kwa hiyo kipimo cha mapigo manne ni sekunde 1.875. Rekodi nusu ya kwanza kwa mlio wa kuhesabia. Katika Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kata mwanzo haswa pale noti ya kwanza inapogonga, na mwisho kwenye sekunde 1.875 kamili. Nakili kipande, kigeuze kwa amri ya Reverse, kiunganishe nyuma ya cha kwanza. Kosa la kawaida ni kuacha ukimya mdogo mbele ya noti ya kwanza, tuseme milisekunde 50. Kabla ya kugeuza hauonekani kitu. Ukigeuza, ukimya huo unahamia mwisho, pigo la mwisho linawahi, na bendi nzima inaporudi inasikika kama imejikwaa. Kosa la pili ni mlio unaopasuka pale vipande vinapokutana. Kata mahali mstari wa sauti unapovuka sifuri.

Inaniuma kwamba wimbo umejaa Waafrika na video haina hata mmoja. Mnasemaje? — Msomaji, Ngara

Tunakubaliana nawe, na ni upungufu wa kweli wa video hii. Gitaa ni la Ray Phiri wa bendi ya Stimela, ngoma ni za Isaac Mtshali, besi ni ya Kumalo. Filimbi ya bati, ala iliyoubeba muziki wa kwela wa Afrika Kusini, ni ya Morris Goldberg, naye ni mzaliwa wa huko. Anayeijua video tu anaweza kudhani muziki huo wote ulitoka katika kile chumba. Ikumbukwe pia kwamba Simon alianza kurekodi albamu ya "Graceland" Johannesburg mwaka 1985, wakati wa vikwazo vya kitamaduni dhidi ya utawala wa ubaguzi, na lawama alizopata hazikuwa ndogo.

Tafuta tamasha lililorekodiwa Harare, katika uwanja wa Rufaro, mwaka 1987. Wapo Phiri na Kumalo wenyewe, wapo pia Miriam Makeba na Hugh Masekela. Tazama mikono ya Kumalo, kisha rudi kwenye video. Utaisikia tofauti.

Je, ile ya Queen ya kupiga deki na kufagia nayo haihesabiki? Freddie Mercury si mtu wetu wa Unguja? — Msomaji, South C

Inahesabika. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. "I Want to Break Free" ya mwaka 1984, iliyoongozwa na David Mallet, inaigiza tamthilia ya Uingereza ya "Coronation Street", na kanuni ni ile ile. Wanaume wanne wamevaa kike na hakuna anayekonyeza kamera. Mercury anasukuma mashine ya kufyonza vumbi akiwa na masharubu yake kamili, kana kwamba hayapo. Ila Waingereza waliielewa mara moja, na Wamarekani wengi, ambao tamthilia hiyo hawakuijua, waliipokea vibaya. Ya Simon haidai ujue kitu chochote kabla.

Tukiipandisha YouTube itaondolewa? Rafiki ametushauri tuandike chini kwamba wimbo si wetu. — Binamu Wawili tena

Maandishi hayo hayawakingi. Mfumo wa YouTube hutambua rekodi yenyewe, na mwenye haki ndiye anayeamua: kuchukua mapato ya matangazo, kuifunga katika baadhi ya nchi, au kuiacha. Kumbukeni haki ni mbili, ya utunzi na ya rekodi. Mkiimba na kupiga wenyewe mnaikwepa ya rekodi, ya utunzi inabaki. Hapa Kenya mambo haya yako chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na bodi ya KECOBO. Kwa onyesho la hadharani lenye kiingilio, ulizeni KECOBO ni chama kipi cha kukusanya mirabaha kina leseni kwa wakati huo, kabla ya kumlipa yeyote. Kwa sherehe ya nyumbani, iwekeni kwenye kadi ya kumbukumbu na muicheze kutoka kwa kompyuta. Wala intaneti ya ukumbini haitawaangusha.

Nafundisha kikundi cha maigizo shuleni. Kila mwanafunzi anataka sehemu ya yule mrefu anayeimba, na sehemu ya kimya nampa aliyebaki. Matokeo ni mabovu. — Mwalimu, Eastleigh

Geuza mpangilio, Mwalimu. Chagua wa kimya kwanza, na umchague kama unayemchagulia mhusika mkuu. Waketishe wawili wawili mbele ya darasa, mmoja aimbe pleibaki ya wimbo wowote wanaoujua kwa dakika moja, mwingine akae tu. Usimtazame anayeimba. Tazama darasa linaangalia wapi. Wako watoto ambao wakikaa kimya darasa halibandui macho kwao, na mara nyingi si wale wachangamfu. Anayecheka, anayeuma mdomo kuzuia kicheko au anayejitikisa apate macho, mpe sehemu ya kuimba. Nguvu zake zitatumika vizuri huko.

Ukishampata wa kimya, mfundishe kiitikio mpaka akiimbe bila kukitafuta, kwa sababu akikosea zamu yake hata kwa pigo moja ataonekana amesahau, na hadhira itamhurumia badala ya kumcheka mwenzake. Mazoezi ya kwanza yafanye bila mwimbaji kabisa. Aingie, aketi, angoje, adakize mahali pake, atoke kuleta ngoma, arudi, wimbo ukipigwa wote. Mwimbaji mwongeze siku ya pili.